Mafuta Yapo, Sawa. Lakini Yapo Kwenye Mwamba Gani?

Juzi pale kimbwetani ulizuka ubishi. Mwenzetu mmoja wa sheria alisema kwa sauti kubwa kwamba Bonde la Ufa limejaa mafuta, ila wakubwa wanatuficha. Wengi wakapiga makofi. Mimi nasoma jiolojia, na nilipojaribu kuuliza swali moja tu nikaambiwa nisilete mambo ya darasani. Basi nalileta hapa: mafuta hayo yapo kwenye mwamba gani?

Twende kwanza China, mkoa wa Shaanxi, kwenye bonde la Ordos. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita palikuwa na ziwa kubwa. Mwani ulikufa, ukazama chini kusikokuwa na oksijeni, ukafunikwa na tope. Joto la ardhini likaupika hadi ukawa mafuta. Ziwa lilikauka zamani, lakini mashapo yake yapo, na tabaka moja wanaliita Chang 7.

Sasa sikilizeni. Mafuta ya Chang 7 hayakwenda mbali. Mengi yalibaki kwenye tope lenyewe au yakaingia kwenye mchanga uliolala kando yake, mchanga ulioshindiliwa ukawa mgumu kama zege. Upenyezaji wake ni mdogo mno. Vitundu vyake vingi ni vyembamba kuliko hata bakteria. Mafuta yamo, lakini ukichimba kisima cha kawaida utaambulia matone. Lazima uchimbe kisima kinachopinda na kulala ndani ya tabaka, kisha uupasue mwamba kwa maji yenye mgandamizo mkubwa, maelfu ya mita za ujazo kwa kisima kimoja. Na hata hivyo, sehemu kubwa ya mafuta inabaki chini.

Mtaniambia Marekani wanafanya hivyo kila siku. Ni kweli, lakini tabaka lao maarufu la Bakken liliwekwa na bahari. Bahari hutandika tabaka pana, linalofanana kwa umbali mrefu. Ziwa lina tabia nyingine: mto ukihama kidogo, mchanga unageuka tope ndani ya mwendo mfupi. Mafuta ya ziwa nayo huwa na nta nyingi, yakipoa yanaganda. Huko Ordos hata mgandamizo wa kuyasukuma ni mdogo. Kwa hiyo ukinakili kitabu cha bahari ukakipeleka ziwani, utapata hasara.

Hapa ndipo habari inapofika kwetu. Mafuta ya Lokichar kule Turkana, na yale ya Ziwa Albert nchini Uganda, asili yake ni maziwa ya kale. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga limesanifiwa kupashwa joto. Bahati nzuri ni kwamba mafuta hayo yalihama kutoka kwenye tope yakaingia kwenye mchanga wenye nafasi, ndiyo maana yanachimbika. Ila yale yaliyobaki kwenye tope ni hesabu nyingine kabisa. Mtu akiyajumlisha yote pamoja na kutangaza mabilioni ya mapipa, anatudanganya bila kusema uongo. Na kama siku moja atataka kuupasua mwamba wa Turkana, tumuulize maji atayatoa wapi, kwa watu ambao mifugo yao inakufa kwa kiu.

Msinielewe vibaya, sisemi tukate tamaa. Kuna wakati wataalamu wengi waliiona China maskini wa mafuta kwa kuwa miamba yake mingi si ya bahari. Mwaka 1941 mwanajiolojia Pan Zhongxiang akaandika kwamba mafuta ya kaskazini mwa Shaanxi hayakutoka baharini. Mwaka 1959 yakagunduliwa mafuta ya Daqing, kwenye mashapo ya ziwa. Pan alianza kwa kuangalia mawe ya kwao.

Na sisi je? Tunalo Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, ambalo chini hakuna oksijeni na tope linajilaza leo hii kama lilivyojilaza Ordos. Ni maabara hai. Lakini kwenye kozi yangu mifano karibu yote ni ya bahari, na safari ya mwisho ya mafunzo tuliifanya kwenye projekta.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni moja: mkikaa na uongozi kuzungumzia bajeti, msiishie kwenye boom na vyumba. Daini pesa za mafunzo ya uwandani. Na wewe usiyesoma jiolojia, siku ukisikia mtu anataja mapipa, usipige makofi kwanza. Muulize ni mwamba gani.