Ini Halina Kilio

Mswahili akipatwa na huzuni kubwa husema kwamba amekatwa maini. Wazee wetu waliona kuwa uchungu wa mtu na uhai wake hukaa mahali pamoja. Lakini ajabu ni kwamba ini lenyewe likiharibika halilii. Jino likioza mtu halali usiku. Ini laweza kuliwa na maradhi miaka 20 au 30, na mwenye nalo akaendelea kuvuta nyavu, kukwea minazi na kuhudhuria mikutano asijue lolote. Tunalileta jambo hili mbele ya wanachama na wafanyakazi, na kisiwa cha Mafia ndicho kitakachotupa fundisho.

Mwaka 2000, Serikali ilipoanza kugawa dawa za kupiga vita matende na mabusha, Mafia ndiyo iliyotangulia nchi nzima. Wananchi waliombwa kumeza dawa mbili, albendazoli na ivamektini. Hawakuombwa wale waliovimba miguu peke yao; hata wenye afya njema waliambiwa wameze. Sababu yake ni kuwa vijidudu vya maradhi hayo hukaa katika damu ya mtu asiye na dalili, kisha mbu akavichukua na kumpelekea jirani. Basi aliyemeza dawa alijikinga yeye, akamkinga na nduguye.

Wachache wajua ni kiungo gani kilichoifanya kazi ile. Albendazoli ikiisha kumezwa huchukuliwa na damu hadi katika ini, na ini ndilo liigeuzalo kuwa kitu chenye nguvu juu ya minyoo. Ivamektini nayo huvunjwa humo humo. Zaidi ya hayo, ini huweka akiba ya sukari na kuitoa mtu afungapo au afanyapo kazi nzito. Hutengeneza nyongo ya kuyeyusha mafuta. Hufanya vitu vya kugandisha damu mtu ajikatapo. Tena huondoa sumu mwilini. Ni mfanyakazi asiyejua siku ya mapumziko.

Mfanyakazi huyu ana adui, naye ni homa ya ini aina ya B. Uchunguzi wa bingwa Baruch Blumberg wa Marekani, uliotangazwa mwaka 1965, ndio uliofungua njia ya kumjua adui huyo, na mwaka 1976 bingwa huyo alipewa Tuzo ya Nobeli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maradhi hayo, na watu milioni 1.1 waliuawa nayo. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hushinda. Wanaobaki nayo hawafiki 5 katika 100. Lakini katika watoto 100 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, wapatao 90 hubaki nayo, na wengine huishia katika makovu ya ini, tumbo kujaa maji, au saratani.

Nchi yetu iliiingiza chanjo yake katika chanjo za watoto mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi wa waliozaliwa kabla ya hapo, ambao ndio mabaharia, makuli, wauguzi na walimu wa leo, hawakuipata utotoni. Hao ndio tunaowasemea.

Tena yuko adui wa pili, sumukuvu, itokayo katika mahindi na karanga zilizoota ukungu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafa. Mwenye homa ya ini aina ya B akila sumukuvu, hatari yake ya saratani huongezeka maradufu na zaidi. Kisiwani, ambako hewa ina unyevu na magunia huvushwa baharini, hili si jambo la kupuuza.

Wapo watakaosema, "Nipimwe nini, nami siumwi?" Twawajibu kwamba watu wa Mafia walikwisha kuulizwa swali hilo mwaka 2000. Wapo pia wanaomwona mgonjwa aliyevimba tumbo wakasema amerogwa, au wakamtenga na sahani yake. Huo ni ujinga unaoyapa maradhi mkono. Homa hii haiambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kupeana mikono. Hupita katika damu, wembe na sindano zilizotumiwa na wengine, katika kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaa. Aliye nayo, zipo dawa za kumzuia adui asizidi kula ini.

Kwa hiyo, twasema hivi. Viongozi wa matawi na wawe wa kwanza kupimwa mbele ya watu wao. Vyama vya wafanyakazi vidai chanjo kwa kila auguzaye wagonjwa na kila afagiaye wodi. Wenye mamlaka nao wahakikishe kwamba kipimo na chanjo vinavuka maji, kwani haifai mtu wa Jibondo aambiwe ajipime, kisha aachiwe nauli ya mashua mpaka Kilindoni iwe ndiyo kizuizi chake.

Ini halina kilio. Hapana budi sisi wenye midomo tulisemee.