Kizibo cha chupa kimeachiwa dhamana, mashine inakaguliwa na nani?

MNUNUZI wa maji ya chupa katika miji ya Tanzania alizoea kuwa na mashahidi wawili wa kumthibitishia kwamba chupa aliyouziwa haijapata kufunguliwa. Shahidi wa kwanza alikuwa lakiri ya plastiki, ule utando mwembamba uliovishwa juu ya kizibo na kubana shingo ya chupa. Wa pili ni pete ndogo iliyo chini ya kizibo, ambayo hukatika kwa mlio mara ya kwanza kizibo kinapozungushwa.

Shahidi wa kwanza ameondolewa kisheria. Kanuni za usimamizi wa mazingira zilizotungwa mwaka 2022 zilipiga marufuku lakiri za plastiki kwenye vizibo vya chupa. Sababu ilikuwa nzito na ya haki. Utando huo hutupwa palepale chupa inapofunguliwa, ni mdogo mno kuwavutia waokota chupa, na mwisho wake ni mtaroni. Nchi iliyokwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019 haikuwa na sababu ya kuendelea kuulea.

Hata hivyo, amri inayoondoa kitu haiondoi kazi iliyokuwa ikifanywa na kitu hicho, huihamishia kwingine. Kazi ya kumhakikishia mnywaji usalama wake sasa imebebwa na pete na kizibo, na uimara wa kizibo hutegemea mashine iliyokikaza. Swali ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha ni hili: mashine hiyo inakaguliwa na nani, na kwa kipimo gani?

Hii si mara ya kwanza kwa uamuzi wa Serikali kuongeza uzito juu ya kizibo. Februari 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba pombe kali za kwenye mifuko ya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, zingepigwa marufuku kuanzia Machi 1 mwaka huo. Kiroba kilifungwa kwa joto tu, hakikuwa na kizibo wala pete. Mzalishaji aliyetaka kubaki katika biashara alilazimika kuhamia kwenye chupa, na chupa haina maana bila mtambo wa kuifunga. Amri mbili ndani ya miaka mitano, moja ya afya na nyingine ya mazingira, zimeishia mahali pamoja: kwenye kichwa cha mashine ya kukaza vizibo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni vyema kutofautisha kizibo cha kuzungusha na kisoda. Kisoda, kilichobuniwa na Mmarekani William Painter na kupatiwa hataza mwaka 1892, hubanwa juu ya mdomo wa chupa kwa nguvu ya kushindilia. Kikibanwa vibaya, kasoro huonekana kwa macho: kimekaa upande, au gesi inatoka. Kizibo cha kuzungusha ni kidanganyifu zaidi. Kinaweza kukaa sawasawa juu ya shingo, kikapendeza machoni, kumbe ndani hakijagusana barabara na mdomo wa chupa. Macho ya mkaguzi hayatoshi. Kinachohitajika ni kipimo.

Kipimo hicho ni nguvu ya mzunguko, ambayo wahandisi huihesabu kwa Newton-mita. Kwa kizibo cha plastiki chenye kipenyo cha milimita 28, kilichozoeleka kwenye soda na maji, nguvu ya kukazia huwa takriban Newton-mita 1.5 hadi 2. Msomaji asiyezoea vipimo hivi achukue fimbo ya sentimita 20, aishike upande mmoja na kuning'iniza mfuko wa sukari wa kilo 1 upande wa pili; mzunguko anaoupata mkononi ni karibu na Newton-mita 2. Hiyo ndiyo nguvu ambayo mashine inatakiwa kuitoa kwa kila chupa, bila kuzidisha wala kupunguza, maelfu ya mara kwa saa.

Ikipungua, kizibo hulegea. Ikizidi, hesi za kizibo huruka au pete hukatika kabla chupa haijaondoka kiwandani, na mtoto au mzee hushindwa kuifungua ile iliyosalimika. Mashine nzuri huzuia yote mawili kwa klachi, mara nyingi ya sumaku, ambayo huteleza nguvu iliyopangwa inapofikiwa, au kwa mota inayoongozwa na kompyuta. Aidha, chupa yenyewe hushikwa shingoni isizunguke pamoja na kizibo, kwa kuwa chupa za siku hizi ni nyembamba na hubonyea zikibanwa tumboni.

Kinachoiharibu kazi hii mara nyingi ni mambo madogo. Raba za kichwa cha kukazia zikilika, kichwa huteleza juu ya kizibo kabla ya wakati. Kompresa ikishindwa kudumisha shinikizo la hewa, mashine zinazotumia hewa hukaza leo vizuri na kesho vibaya. Maji yakimwagika kwenye hesi za chupa wakati wa kujaza, msuguano hubadilika na kipimo kilichopangwa asubuhi hakifai tena. Umeme ukikatika katikati ya kazi, chupa zilizokuwa chini ya vichwa hubaki nusu zimefungwa, na zisipoondolewa kwa mkono huendelea na safari pamoja na nyingine.

Plastiki nayo ina tabia yake. Kizibo kilichokazwa sasa hivi hulegea kidogo kadiri saa zinavyopita, kwa sababu plastiki iliyobanwa hujinyoosha polepole. Ndiyo maana kiwanda makini hakiridhiki na nguvu iliyotumika kukaza. Hupima pia nguvu inayohitajika kufungua, mara baada ya kufunga na tena baadaye. Kipimo hicho cha pili ndicho kilicho karibu na hali atakayoikuta mnunuzi dukani.

Madhara ya kizibo kilicholegea si kuvuja pekee. Chupa iliyojazwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikipandishwa hadi Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hukutana na shinikizo dogo la hewa nje, na hewa iliyomo ndani husukuma kutoka. Chupa iliyojazwa nyanda za juu ikiteremshwa pwani, mambo hugeuka: shinikizo la nje huzidi, na chupa huvuta kuingiza ndani. Hali hiyo hiyo hutokea chupa yenye joto inapotumbukizwa katika ndoo ya maji ya barafu pale kituo cha mabasi. Hewa iliyo juu ya maji hupoa na kusinyaa, na kizibo kisichoziba kinaweza kuruhusu maji ya ndoo kuingia. Mnywaji anaona chupa imejaa na nembo ipo, asijue kwamba anakunywa maji ya kiwandani yaliyochanganyika na ya ndooni.

Tatizo lingine ni namna ya kukagua. Tuchukue mfano wa hesabu wa mtambo wenye vichwa 8 vya kukazia, unaofunga chupa 6,000 kwa saa. Kichwa kimoja tu kikiharibika, chupa 1 katika kila 8 ina kasoro, yaani chupa 750 kwa saa. Mkaguzi akichukua chupa 10 bila kujali zimefungwa na kichwa kipi, uwezekano wa kutokuta hata moja yenye kasoro ni zaidi kidogo ya mara 1 katika kila 4. Ataandika kwamba kiwanda kiko salama, naye hatakuwa amesema uongo. Utaratibu wake ndio uliomdanganya. Dawa ni kupima chupa kutoka kila kichwa na kuandika namba ya kichwa husika. Haihitaji fedha nyingi, inahitaji nidhamu.

Hayo ni kwa viwanda vyenye mitambo. Kuna kundi jingine kubwa zaidi kwa idadi: wajasiriamali wa asali, mafuta ya alizeti, juisi na sabuni za maji, ambao hufunga chupa kwa mkono au kwa kifaa kinachofanana na bisibisi ya umeme. Kiganja cha mtu hakina klachi. Mfanyakazi aliyefunga chupa ya kwanza saa mbili asubuhi si yule anayefunga ya elfu moja alasiri, ingawa jina lake ni lile lile. Mjasiriamali huyu anapokataliwa na duka kubwa kwa sababu mafuta yake yamechafua rafu, hulaumu bahati au ubaguzi, kumbe amenyimwa soko na robo mzunguko wa kizibo.

Anapoamua kununua mashine, mara nyingi kutoka China, hukutana na mtego wa shingo za chupa. Vizibo viwili vyenye kipenyo sawa cha milimita 28 si lazima viwe ndugu. Mfumo wa zamani wa chupa za soda, unaojulikana kwa namba 1810, una shingo ya urefu wa milimita 21. Mfumo ulioufuata, namba 1881, una milimita 17. Ufupisho huo huokoa zaidi ya gramu 1 ya plastiki kwa chupa, sawa na zaidi ya tani 1 kwa kila chupa milioni moja, na ndiyo sababu viwanda vikubwa duniani viliukimbilia. Lakini kizibo cha mfumo mmoja hakifai kwenye shingo ya mwingine, na maji yasiyo na gesi yana shingo zake nyingine fupi zaidi. Anayenunua chupa kwa huyu, vizibo kwa yule na mashine kwa wa tatu bila kuuliza namba ya shingo amenunua mgogoro.

Wapo watakaosema kwamba, kwa kuwa hali ni hii, lakiri ya plastiki irudishwe. Hoja hiyo ina mvuto, lakini haina mizizi. Utando ule uliweza kununuliwa na kuvishwa na yeyote mwenye chanzo cha joto. Ulithibitisha kwamba mtu fulani aliuvisha, haukuthibitisha kwamba kizibo chini yake kimekaza. Stempu za kodi nazo zina kazi yake, lakini kazi hiyo ni kueleza kwamba kodi imelipwa. Hakuna stempu inayoziba chupa.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko kwenye imani ya mnunuzi. Mitaani wapo wanaookota chupa tupu, wakazijaza maji yasiyojulikana yalikotoka na kuziuza tena. Kinga ya mwananchi dhidi yao ni mlio wa pete kukatika. Sasa, iwapo kiwanda halali kinatoa chupa ambazo pete zake zimekwisha kukatika kwa mashine iliyokaza kupita kiasi, au hazikatiki kabisa kwa sababu kizibo hakikufika mahali pake, mnunuzi huzoea. Akikutana na chupa bandia hashtuki, kwa kuwa ile halali ya jana nayo haikutoa mlio. Kwa njia hiyo mashine mbovu ya mzalishaji mkweli humfungulia mlango mwongo. Hii ndiyo sababu suala hili haliwezi kuachwa kuwa siri kati ya mwenye kiwanda na fundi wake.

Nini kifanyike? Kwanza, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa pia majukumu ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya TFDA, liufanye upimaji wa nguvu ya kufungulia vizibo kuwa sehemu ya kawaida ya ukaguzi, sambamba na upimaji wa maji yenyewe. Haina mantiki kuchunguza vimelea kwenye maji kwa umakini mkubwa na kuupita mlango wanaoweza kuingilia.

Pili, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lenye ofisi mikoani, liwe na vipimo vya nguvu ya mzunguko ambavyo mjasiriamali anaweza kuvitumia kwa ada ndogo. Ni chombo cha kuwekwa juu ya meza, hakihitaji jengo. Hakuna sababu ya kila mfungashaji wa asali kununua cha kwake, na hakuna sababu ya yeyote kukosa.

Tatu, vyuo vya ufundi vya VETA vitoe mafunzo mafupi kwa mafundi wa mitambo ya kufungasha: kupanga klachi, kubadili raba za vichwa, kusoma namba za shingo na kutunza daftari la vipimo. Mashine iliyoagizwa kutoka ng'ambo bila fundi wa kuitunza huwa mpya kwa miezi michache tu. Taasisi za uhandisi kama TEMDO ya Arusha zina nafasi ya kutengeneza vipuri rahisi ambavyo leo husubiriwa bandarini huku uzalishaji ukiwa umesimama.

Ikumbukwe kwamba vizibo vinabadilika duniani kote. Tangu Julai 3, 2024, nchi za Umoja wa Ulaya zinataka kizibo cha plastiki kibaki kimeshikamana na chupa ya kinywaji baada ya kufunguliwa, kwa chupa za hadi lita 3. Mabadiliko hayo yanagusa miundo ya vizibo na ya mitambo inayovifunga. Nchi inayonunua mitambo kutoka nje inapaswa kujua inanunua kizazi kipi, na kama vizibo vyake vitaendelea kupatikana.

Marufuku ya lakiri ilikuwa sahihi, na isirudishwe nyuma. Ila aliyeitoa ana wajibu wa kukamilisha nusu ya pili ya kazi yake. Mwananchi aliambiwa aridhike na kizibo na pete yake. Anastahili kuhakikishiwa kwamba yupo mtu mwenye kipimo mkononi anayejua kwamba vimefungwa inavyotakiwa.