Mungu wa Paani ni wa Nani?

Rafiki yangu mmoja, mshika kalamu kama mimi, alinicheka niliporudi kutoka Tokyo. Eti, "Wajapani wamempandisha mungu lifti ili asiwazibie biashara!" Nami nikacheka. Lakini kicheko kile kilinikaa kooni, na leo namjibu hadharani.

Kwanza, bwana, tujue tunachokicheka. Ardhi ya Ginza ni ghali kupita kiasi. Hata hivyo, penye kihekalu pakija jengo, mara nyingi kihekalu hakitupwi, bali hupandishwa paani. Anayekaa humo aghalabu ni Inari, mlinzi wa mpunga ambaye wafanyabiashara nao wamemfanya wao, pamoja na mbweha wake wa mawe. Juu ya duka la Mitsukoshi, orofa ya 9, Inari wa Shinto anakaa ua mmoja na Jizo wa Kibudha. Mwaka 1868 serikali ya Meiji iliamuru dini hizo mbili zitenganishwe. Ukifika pale utadhani amri hiyo haikupanda ngazi! Duka la Matsuzakaya lilifungwa mwaka 2013, likabomolewa. Je, Inari wake alipotea? Hapana. Jengo la Ginza Six lilipofunguliwa mwaka 2017 mahali pale pale, naye alirudi juu.

Tena kuna Asahi Inari. Pa kusalia ni chini, kando ya barabara; hekalu lenyewe liko juu ya jengo. Kati yake limepitishwa bomba lililojazwa udongo, ili mungu asikatike na ardhi yake. Sasa niambie, mtu anayefanya mzaha atahangaika kupandisha udongo mpaka orofani?

Lakini msinielewe vibaya, sikuja kuwapamba matajiri. Siku moja nilitaka kukiona kihekalu kilichokuwa juu ya jengo la kampuni fulani. Mlinzi aliinama kwa adabu zote, akaniambia huko ni kwa wafanyakazi tu. Nikageuka. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Kihekalu cha uchochoroni hakimwulizi mtu kitambulisho. Muuza samaki anapita anainamisha kichwa, mama anamwombea mwanawe mtihani, mlevi naye anatubu akielekea nyumbani. Kikishapandishwa juu ya ofisi na mlango ukatiwa kufuli, kimebaki kuwa hirizi ya bosi. Wenye mtaa wameporwa, tena kwa heshima na ubani.

Basi, ndugu yangu, ulicheka pasipo pa kuchekwa. Lifti haina kosa. Mitsukoshi na Ginza Six mtu yeyote hupanda, hata asiye na senti ya kununua kitu. Ubaya uko kwenye ile kufuli, na sisi waandishi vijana kazi yetu ni kuigongea kelele. Ukiambiwa jengo fulani lina hekalu juu, usikimbilie kusifu wala kucheka. Uliza kwanza ufunguo wa ngazi anao nani.