Usipake rangi juu ya zebaki



Leo safu yetu inakwenda Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hatuendi kuzungumzia maduara wala bei ya gramu. Tunakwenda kuzungumzia kucha.

Huenda ukacheka ukasema kucha ni jambo dogo. Basi kumbuka kisa alichosimulia Sayyidna Umar (r.a), kilichomo katika Sahih Muslim. Mtu mmoja alitawadha akaacha sehemu ya unyayo wake bila kufikiwa na maji, na sehemu yenyewe ilikuwa kiasi cha ukucha tu. Mtume (s.a.w) akamwamuru arudi akatawadhe vizuri. Kiasi cha ukucha kilitosha kumrudisha mtu kwenye maji.

Siku hizi binti hana haja ya kwenda saluni. Anakaa uani na wenzake, simu mkononi wanaangalia picha, kijiti cha kibiriti kinakuwa brashi, wanachorana maua na madoa kwenye kucha. Wengine wanabandika kucha za plastiki kwa gundi ya dukani. Mimi si miongoni mwa wanaosema kila pambo la mwanamke ni fitna. Kujipamba kwa mipaka yake kunaruhusiwa, na mke kumpambia mumewe ni jambo jema. Ninachotaka kukuomba, dada yangu, ni hiki: kabla hujatafuta rangi ya kupamba ukucha, jiulize ukucha huo umetoka wapi leo, na utaingia wapi baada ya hapo.

Mkono wa mgodini

Mwanamke wa machimboni hakai bure. Yuko anayeponda mawe, anayechekecha, anayeosha mchanga kwenye karai, na anayepika na kuuza chakula. Jioni mkono uleule unakanda unga, unamnyonyesha mtoto, kisha unainuliwa kwa takbira.

Tatizo kubwa la mkono huo ni zebaki, ile dawa inayotumika kukamatia dhahabu. Kila mchimbaji anajua kwamba pete ya dhahabu ikiguswa na zebaki hugeuka nyeupe. Pete hiyo ni shahidi wako. Kama zebaki imeifikia pete, imefika pia kwenye kidole kilichoivaa, na kwenye upenyo wa ukucha ambako maji ya haraka haraka hayafiki.

Nisieleweke vibaya. Njia kuu ya zebaki kuingia mwilini ni pumzi, yaani mtu anapovuta mvuke wake, hasa wakati wa kuchoma dhahabu. Lakini zebaki hutoa mvuke hata bila moto, na huo mvuke hauonekani wala haunuki. Kwa hiyo ile inayobebwa nyumbani kwenye nguo, nywele na kucha inaendelea kufanya kazi yake mkiwa mmelala. Na mkono wenye zebaki ukikanda ugali, au mtoto akinyonya kidole, inapata njia nyingine.

Madhara yake ni kutetemeka kwa mikono, kukosa usingizi, kusahau na kuharibika kwa figo. Kwa mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi, maana zebaki huvuka kondo la nyuma na kuathiri ubongo wa mtoto. Dunia ililijua jambo hili kwa uchungu katika mji wa Minamata, Japani, mwaka 1956, pale watu waliokula samaki wenye sumu ya zebaki iliyomwagwa na kiwanda walipoanza kuugua, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Zebaki ile ilikuwa ya aina nyingine na ilipita kwenye samaki, lakini funzo ni lilelile. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ukapewa jina la Minamata. Tanzania nayo imeuridhia.

Rangi inaficha

Sasa rudi kwenye ukucha. Wapo watatu wanaohitaji kuuona ukucha wako, na rangi nzito inawazuia wote.

Wa kwanza ni wewe mwenyewe. Ukucha mweupe ukiwa na uchafu chini yake unaona haya, unausafisha. Ukishaupaka rangi nyekundu au nyeusi mpaka ncha, huoni tena kilichojificha chini. Humo hukaa matope ya mgodini, mayai ya minyoo na vijidudu vya kuharisha. Si maneno ya kutisha watu. Katika hospitali moja ya watoto wachanga huko Oklahoma, Marekani, kati ya mwaka 1997 na 1998, maambukizi ya bakteria yaliua watoto 16, na uchunguzi ukayahusisha na kucha ndefu na kucha za bandia za baadhi ya wauguzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 wa usafi wa mikono, linawataka wahudumu wa afya wasivae kucha za bandia, na kucha zao za asili zisizidi nusu sentimita. Ikiwa muuguzi mwenye bomba na sabuni kila saa anaambiwa hivyo, itakuwaje kwa mama lishe mwenye ndoo moja ya maji?

Wa pili ni mganga. Ukienda zahanati, hasa ukiwa mjamzito, hutazama macho, viganja na kucha kujua kama una upungufu wa damu. Kile kifaa kinachobana kidole kupima hewa ya oksijeni katika damu nacho kinaweza kusoma vibaya juu ya rangi nzito. Kwa hiyo ukienda kujifungua au kufanyiwa upasuaji, ondoa rangi kwanza.

Wa tatu ni maji ya udhu. Rangi ya dukani ni utando unaokauka juu ya ukucha, nao unazuia maji. Allah (s.w) katika Surat al-Maida, aya ya 6, ameamrisha kuoshwa mikono, na ukucha ni sehemu ya mkono. Mwanamke aliye katika siku zake anaweza kusema hana swala, basi apake. Sawa, lakini aiondoe kabla ya josho. Zipo pia rangi zinazouzwa kwa madai kwamba zinapitisha maji. Wanachuoni wametofautiana juu yake, na mimi naona mwenye kuijali swala yake hawezi kuitundika kwenye tangazo la muuzaji.

Piko si hina

Hapo dada atasema: kama rangi ina matatizo, nitapaka hina. Naam, lakini angalia usije ukakimbia moshi ukaangukia moto.

Hina ni jani la mhina lililokaushwa na kusagwa. Rangi yake inaingia ndani ya ukucha wenyewe, haijengi utando juu yake, kwa hiyo maji yanapita. Mara ya kwanza hutoka kama chungwa, kisha hukolea kuwa nyekundu ya udongo baada ya siku moja au mbili. Haiwi nyeusi kwa nusu saa.

Ile nyeusi ya haraka, tunayoiita piko, mara nyingi ni dawa ya kupaka nywele, yenye kemikali iitwayo parafenilinidayamini. Kemikali hiyo imeruhusiwa kwenye nywele kwa kiasi maalumu. Ulaya na Marekani hairuhusiwi kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Baadhi ya watu ngozi huwavimba, ikatoa malengelenge na kuacha kovu lenye umbo la ua lilelile lililochorwa. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishaichukia, huichukia maisha. Siku nyingine ukipaka dawa ya nywele, uso unaweza kuvimba mpaka macho yasifunguke. Watoto wanapakwa piko siku ya Idi ili wapendeze, kumbe wanapewa mzio wa maisha yao yote.

Hata hina halisi ina mipaka. Usimpake mtoto mchanga. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi G6PD, na hali hiyo si ngeni katika nchi zenye malaria kama yetu. Kwa mtoto wa namna hiyo, hina inaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu.

Namna ya kujipamba nyumbani

Haya, tujipambe. Ukirudi kutoka mgodini, usiingie jikoni wala usimbebe mtoto. Vua nguo za kazi nje, nawa kwa sabuni, sugua chini ya kucha kwa mswaki wa zamani uliotengwa kwa kazi hiyo tu. Usitumie beseni la jikoni.

Kisha kata kucha. Kukata kucha ni katika mambo matano ya maumbile aliyotufundisha Mtume (s.a.w), na katika Hadithi ya Anas (r.a) tumewekewa tusizidishe siku 40. Hiyo ni mwisho, si kipimo. Kwa mtu wa machimbo, kila wiki ni bora. Kila mtu awe na kikatio au wembe wake, kwani wembe wa kuchangia unaweza kuhamisha Virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Usikate nyama ya pembeni, maana hapo ndipo kidole kinapoanza kuvimba na kutunga usaha.

Chukua unga wa hina usiochanganywa na kitu. Unga mzuri ni wa kijani na unanuka majani. Ukiwa mweusi au unanuka dawa, mrudishie mwenye duka. Kanda kwa maji ya ndimu mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto, funika, uache saa kadhaa. Usitie petroli wala mafuta ya taa kama wafanyavyo wengine ili ikolee.

Sasa pambo lenyewe. Kata plasta kwa mkasi umbo la mwezi mwandamo, nyota au mistari, ubandike kwenye ukucha mkavu. Paka ngozi ya pembeni mafuta ya kupikia kidogo ili isishike rangi. Jaza hina juu ya ukucha, kaa nayo saa nne au zaidi, kisha ikwangue yote na ubandue plasta. Utaona mwezi mweupe katika ukucha mwekundu. Rudia kesho yake ikiwa unataka ikolee. Ukucha hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo pambo lako litapanda nao taratibu kwa miezi kadhaa, na kila swala utaswali nalo.

Anayeshikilia kupaka rangi ya dukani, basi asiipake wala kuiondoa karibu na jiko la mkaa au kibatari, maana rangi na dawa ya kuitoa vyote hushika moto upesi. Na ile gundi ya kubandikia kucha ikidondokea nguo ya pamba hupata joto la kuunguza ngozi. Iwekwe mbali na watoto.

Neno kwa akina baba

Mwisho nawageukia waume. Ni rahisi kumkemea mke kwa rangi ya kucha huku wewe unachoma dhahabu kwenye jiko analopikia. Ukucha wake utausafisha kwa sabuni, lakini mvuke uliokwisha vutwa na mwanao huna maji ya kuuosha. Zebaki isilale nyumbani, isichomwe nyumbani, na nguo zake zisifuliwe pamoja na za watoto. Ukimletea mkeo zawadi kutoka mjini, mletee pakiti ya hina safi na kikatio cha kucha. Kisha na wewe nyoosha mikono yako tuione.

Wabillah tawfiq.