Staa kasoma riwaya tatu, povu limetoka mji mzima

Wiki hii mjini hakuna walioachana, wala hakuna aliyevuta ndinga mpya. Kilichochafua hali ya hewa ni vitabu. Ndiyo, vitabu!

Iko hivi. Mdada mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, kamaliza kurekodi filamu, akajifungia ndani na riwaya tatu. Juzi kaingia laivu, dera mwilini, kikombe cha chai mkononi, akaanza kufunguka.

Ya kwanza ni The Fault in Our Stars ya John Green, riwaya ya vijana ya mwaka 2012. Hazel, binti wa miaka 16 mwenye saratani, anampenda Augustus, kijana aliyepoteza mguu kwa saratani ya mifupa. Mdada anasema kalia mpaka kope zikabanduka, na si kwa ajili ya mapenzi. Kilichomliza ni mama yake Hazel, anayesherehekea kila sikukuu, hata ile ndogo, kwa sababu hajui binti yake atafika ipi. Lawama yake ni moja tu: hao watoto wanaongea kwa busara kama wazee wa baraza.

Ya pili ni Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847. Hapo ndipo alipochafukwa. Rochester, tajiri mwenye nyumba, anataka kumuoa Jane, mwalimu wa mtoto anayelelewa humo ndani. Kumbe ghorofani kamfungia mke wa ndoa! Siri inalipuka kanisani, siku ya harusi. Mdada kampa Jane tano kwa kuondoka alfajiri bila hata pa kwenda. Ila kurudi kwake mwishoni kumemkera, na kauliza swali zuri: mbona yule mke aliyefungiwa, Bertha, hapewi hata nafasi ya kusema?

Ya tatu ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Hiyo hakuicheka. Baba mlevi na mkali anamlinda Rosa dhidi ya wavulana kwa vitisho na kipigo. Binti anafundishwa kuogopa, hafundishwi kuishi. Akipata uhuru, hajui aufanyie nini, na mwisho wake ni wa kusikitisha. Mdada akasema kwa sauti ya chini kwamba Rosa anamjua, wamelala bweni moja.

Basi, komenti zikawaka. Wengine: mtu mzima analilia kitabu cha watoto! Wasomi nao wakaja juu: Kezilahabi hawekwi meza moja na vihadithi vya mapenzi, aigize tu, fasihi awaachie wenyewe.

Wenyewe ni akina nani? Hiyo Rosa Mistika wanayoilinda iliwahi kupigwa marufuku shuleni, ikidaiwa haifai kwa wanafunzi. Baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Jane Eyre nayo ilipotoka, wapo walioiona haina adabu ya dini. Vitabu vinavyoheshimiwa leo vilishapitia povu hilohilo. Na anayekasirishwa na Rochester mpaka chai inapoa kamsoma Brontë vizuri kuliko aliyekariri muhtasari usiku wa kuamkia mtihani.

Haina maana kwamba mdada hakosei. Mchangiaji mmoja kamweleza taratibu kwamba sheria ya Uingereza wakati ule haikumruhusu mtu kumtaliki mke kwa sababu ya wazimu, hivyo Rochester alikuwa kwenye kona. Uongo wake haufutiki, ila hadithi inabadilika kidogo. Mdada akajibu kwamba hilo hakulijua, ataisoma tena. Mazungumzo ya vitabu yanatakiwa yawe hivyo. Jamaa hakumtukana mtu, kaongeza alichokijua.

Katikati ya matusi yote kulikuwa na komenti moja ya binti wa kidato cha pili. Aliandika kwamba riwaya zake anazificha chini ya godoro, maana nyumbani wanasema anapoteza muda. Akaomba atajiwe nyingine kama ile ya Hazel. Watu wakamcheka: nenda kasome vitabu vya maana. Asubuhi komenti ilikuwa imefutwa.

Mdada ana mashabiki wake, kesho atasahau. Huyo binti je? Alipata ujasiri wa kusema anapenda kusoma, akanyamazishwa na watu wanaolalamika kila siku kwamba vijana hawasomi.

Haya wadau, Jane kurudi kwa Rochester ni sawa, au kajishusha? Dondosheni maoni. Na kama yule binti anapita hapa, mtajieni vitabu.