*NENO LA TAWI: OFISI YETU IWE WAPI?*



Wiki hii mmetuandikia sana kuhusu ofisi ya tawi: tujenge mjini karibu na stendi, au juu kwenye kiwanja alichotupa mwanachama mwenzetu? Wapo wanaosema ofisi ni kuta tu, popote inafaa. Hatukubaliani nao.

Wajerumani waliipenda Dar es Salaam kwa sababu ya bandari: mali itoke, amri iingie. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, katikati ya nchi. Hilo peke yake lilikuwa tamko kwamba serikali ni ya wa bara na wa pwani sawasawa. Lakini tamko halihamishi mafaili. Ahadi ilikuwa miaka 10. Bunge lilihamia 1996, Serikali ikaanza kuhama kwa kasi 2016, sheria ya makao makuu ikapitishwa 2018, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa 2023. Piga hesabu: miaka 50. Sisi tunaoshika daftari tunajua kuwa azimio lisilo na bajeti ni deni.

Hapa kwetu pia tuna somo. Boma la Wajerumani lilikuwa Old Moshi, mlimani. Reli ya kutoka Tanga ilipofika 1911, mji uliifuata tambarare, na jina la Moshi likateremka nao. Tangu hapo wa juu ndio wa kushuka.

Daftari letu linaonyesha wanachama wengi wako migombani, si mjini. Bibi anayetaka kulipia kadi analipa nauli inayozidi ada yenyewe. Halafu tunamwambia Chama ni chake!

*Msimamo wetu:* tujenge juu. Vijana wa stendi wana hoja ya kweli, kazi zao ziko mjini. Kwao tunapendekeza kikao kimoja kila mwezi kifanyike hukohuko. Na tusianze kwa mbwembwe. Fedha iliyopo benki inatosha msingi tu. Tukichimba kabla ya michango ya kuta na mabati kutimia, tutaacha gofu la kuchekwa na wapinzani wetu.

Uamuzi ni wenu. Mkutano mkuu wa tawi ni Jumamosi, saa 4 asubuhi. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa kwanza, kisha kura.

Haba na haba hujaza kibaba.

_Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji_