Mwuguzi Naye Auguzwe



Mwezi huu twapenda kusema juu ya mtu asahauliwaye sana, naye ni mwuguzi wa wagonjwa wa saratani.

Sisi tuendapo hospitali humtazama mgonjwa wetu mmoja. Yeye huwatazama wote. Dawa nyingi za saratani hutiwa mshipani kila baada ya wiki 3, kwa muda wa miezi kadhaa. Kwa hiyo mwuguzi humzoea mgonjwa, akawajua hata wanawe; kisha siku moja hukuta kitanda ki tupu, na kabla machozi hayajamkauka huitwa kitanda cha pili. Yeye hana siku ya kukaa matanga.

Mambo haya yakizidi, moyo huchoka kama mwili uchokavyo. Bibi Christina Maslach, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, ambaye mwaka 1981 alitoa pamoja na mwenzake kipimo cha uchovu huo, alitaja alama 3: nguvu za moyo kwisha, kumwona mgonjwa kama kitu wala si mtu, na kudhani kwamba kazi yako haina faida. Basi uchovu wa mwuguzi humdhuru na mgonjwa pia.

Wako wasemao, "Na asubiri tu." Subira ni tukufu, lakini haifai kuwa kisingizio cha kumtwika mmoja mzigo wa watatu. Abud-Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha, nduguye Salman akamzuia, akamkumbusha haki ya nafsi yake na ya mkewe, naye Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe ina kiasi, sembuse zamu ya kazi?

Yawapasa wakuu wa hospitali kuongeza watu na kuwapa mapumziko ya kweli. Nasi wa nyumbani tunao wajibu wetu. Mke au binti arudipo asubuhi kutoka zamu ya usiku, tusimpokee kwa ndoo na chungu. Enyi vijana, tekeni maji, osheni vyombo, mwacheni alale. Na siku atakapoingia kimya, akasema, "Leo mgonjwa wangu amefariki," tusimjibu kwamba ndiyo kazi aliyoichagua. Tukae naye, tumpe pole, kwani naye amefiwa.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri wauguzi wetu. Amin.